Pumzi Itangulie, Mwili Ufuate

Swali ni lilelile, liulizwe na mtu wa Soga, wa Mlandizi au wa Kisarawe, huku mkoani Pwani: katika yoga ya mtiririko, ile ambayo mkao mmoja unaingia kwenye mwingine bila kituo, nivute pumzi wakati gani na niitoe wakati gani? Anayeuliza huwa tayari anaijua mikao. Ameiona kwenye simu, ameijaribu barazani, na kila mara anajikuta anahema kabla ya mzunguko wa tatu, au anashtukia katikati ya mkao kwamba amebana pumzi muda mrefu bila kujua. Hapo hulaumu viungo vyake kuwa ni vigumu. Mara nyingi viungo havina kosa lolote. Mpangilio ndio uliogeuzwa: mwili umetangulia, pumzi inaukimbilia kwa nyuma.

Makala haya yanatetea jambo moja, na hatua zote hapa chini zinatoka humo. Katika mtiririko, pumzi ndiyo inayopima urefu wa tendo. Mwenye pumzi ya sekunde nne, mikono yake ina sekunde nne za kupanda. Mwenye pumzi ya sekunde tatu, mikono yake ina tatu tu. Pumzi ikikatika, kinachopunguzwa ni mkao. Anayefanya kinyume, yaani anayeibana au kuikimbiza pumzi ili aufikie mkao, anafanya mazoezi ya viungo ya kawaida. Si dhambi, ila asitarajie utulivu ambao wenzake wanausifu.

Simu haiijui pumzi yako

Madarasa mengi ya yoga hapa nchini yako Dar es Salaam, upande wa Masaki na Oysterbay, na Unguja kwenye hoteli za Paje na Jambiani. Nairobi wamepiga hatua zaidi: Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewafundisha ualimu vijana wa mitaani kwao, nao wanafundisha majirani zao. Soga haina bahati hiyo. Ni kweli ni kituo cha reli ya mwendokasi kati ya Pugu na Ruvu, na treni za abiria zinapita tangu Juni 2024, lakini ni wangapi watakata tiketi kwenda mjini kujifunza kupumua? Basi mwalimu wa wengi ni video, na video ina kasoro mbili ambazo haziondoki hata mwalimu awe hodari namna gani.

Kasoro ya kwanza ni mapafu yake. Aliyefanya mazoezi kwa miaka mingi huvuta pumzi ndefu kuliko yako, na ukimfuata kwa sekunde zake, utaishiwa kabla hajamaliza. Kuna pia video za upande wa pili, zilizobanwa ziwe fupi, ambazo zitakukimbiza. Kasoro ya pili haionekani upesi. Mwalimu anaongea, na mtu anayeongea anatoa pumzi muda wote wa maneno yake. Anapokwambia “sasa vuta”, kifua chake mwenyewe kinatoa. Ukiiga mwili wake unaiga mtu ambaye kwa wakati huo hafanyi anachokuagiza. Kwa hiyo itumie video hivi:

- Itazame mara moja ukiwa umekaa, bila kufanya chochote.
- Andika mikao kwenye karatasi kwa mfuatano wake, na mbele ya kila mmoja weka V kwa kuvuta au T kwa kutoa.
- Zima simu, kisha fanya kwa karatasi yako na pumzi yako.
- Siku nyingine irudie kwa ajili ya umbo peke yake: mgongo uko wapi, magoti yamekaaje.

Bando nalo litapona.

Kwa nini kufunguka ni kuvuta na kukunja ni kutoa

Wengi wameambiwa kanuni hii wakaikariri bila sababu, ndiyo maana huisahau wakichoka. Sababu iko mwilini. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Unapovuta pumzi, kiwambo kinashuka, mbavu zinatanuka na kuinuka, na uti wa mgongo una mwelekeo wa kunyooka. Unapoinua mikono, kufungua kifua au kujikunja kwa nyuma, unafanya jambo lilelile ambalo pumzi imekwisha kulianza. Unapotoa, kiwambo kinapanda, mbavu zinashuka, misuli ya tumbo inakaza kidogo. Kuinama mbele hubana tumbo na kukisukuma kiwambo juu, kwa hiyo kuinama kunaisaidia pumzi kutoka. Jaribu kinyume mara moja uone: inama huku ukivuta. Tumbo na mapafu vitagombania nafasi, nawe utasimama njiani. Kujipinda ubavu au kuzungusha kiwiliwili nako huenda na kutoa, kwa sababu hiyohiyo ya nafasi.

Utaratibu huu uliwekwa wazi huko Mysore, kusini mwa India, katika miaka ya 1930, na mwalimu T. Krishnamacharya, kisha ukaenezwa duniani na wanafunzi wake, hasa Pattabhi Jois. Jois aliihesabu salamu ya jua, mfululizo wa mikao ya kuinama na kuinuka, kwa namba tisa, na hesabu hiyo ni rahisi kuishika: namba witiri ni kuvuta, namba shufwa ni kutoa. Ukijua uko namba ngapi, unajua pumzi yako iko wapi.

Kuna watakaosema kwamba mwili unajua kupumua wenyewe, na wanariadha hawahesabu. Wanariadha wanahesabu, ila hawajui kama wanahesabu. Mwaka 1983 Dennis Bramble na David Carrier walichapisha katika jarida la Science utafiti uliolinganisha mbio za binadamu na za wanyama wa miguu minne. Mnyama anayekimbia kwa kasi hufungwa na umbo lake, hatua moja kwa pumzi moja. Binadamu anayesimama wima ana uhuru, na wakimbiaji wazoefu walionekana kulinganisha pumzi na hatua kwa mafungu mbalimbali, mara nyingi hatua mbili kwa pumzi moja. Uhuru huo ndio unaotuponza kwenye mkeka: hakuna kinachotulazimisha kwenda sawa, kwa hiyo lazima tujifunze.

Faida yake si oksijeni

Hapa pana usemi wa walimu wengi ambao inafaa uachwe: “vuta kwa nguvu, jaza oksijeni mwilini.” Damu ya mtu mzima mwenye afya, akiwa amekaa tu kibarazani, imebeba oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100 ya uwezo wake. Hakuna pa kuongeza cha maana. Ukivuta na kutoa kwa nguvu na kwa haraka, unachopunguza ni hewa ya ukaa katika damu. Ikishuka sana, mishipa ya ubongo hunywea, kichwa hukuzunguka, na vidole na midomo huingia ganzi. Wapo wanaodhani hayo ndiyo mafanikio, kwamba “nguvu imepanda”. Ni pumzi imezidi. Kaa chini, rudi kwenye kupumua kwa kawaida, itapita.

Faida ya kweli iko kwenye mwendo wa moyo. Mapigo hupanda kidogo unapovuta na hushuka unapotoa, na pumzi ya taratibu hulifanya badiliko hilo kuwa kubwa na la mpangilio zaidi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika British Medical Journal utafiti wa watu 23, ambao walisali Rozari kwa Kilatini au kutamka mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Njia zote mbili ziliwashusha hadi kama pumzi sita kwa dakika, na mifumo inayoratibu moyo na shinikizo la damu ikafanya kazi kwa ulinganifu bora. Watu 23 ni wachache, wala utafiti huo haukuhusu kuinama na kuinuka. Lakini unatosha kutuonyesha kilichofanya kazi: si maneno yenyewe, bali urefu wa pumzi. Pumzi sita kwa dakika ni sekunde tano kuvuta na tano kutoa. Ukiwa unasogea hutaifikia mara moja, na si lazima. Sekunde tatu kwa tatu ambazo hazikatiki ni bora kuliko tano zinazoishia kwa kutweta.

Wiki ya kwanza: mikono tu

Wengi huanza na salamu ya jua nzima, na hapo ndipo wanapopotea, kwa kuwa wanajifunza mambo mawili kwa mpigo. Tenganisha. Wiki ya kwanza fanya hili asubuhi kwa dakika kumi:

1. Kaa kwenye kigoda au simama, mdomo umefungwa. Pumua puani dakika mbili bila kubadilisha chochote. Hesabu tu kimoyomoyo kila mvuto na kila utoaji una sekunde ngapi. Hicho ndicho kipimo chako cha siku hiyo. Kesho kinaweza kuwa kingine.
2. Mikono ikiwa ubavuni, anza kuvuta pumzi. Subiri mpaka uihisi hewa puani, ndipo mikono ianze kupanda.
3. Mikono ifike juu kabla ya pumzi kujaa kabisa. Acha nukta ndogo ya utulivu.
4. Anza kutoa, kisha mikono ifuate kushuka. Ifike chini kabla hewa haijaisha.
5. Rudia mara kumi, pumzika, rudia tena.

Hatua ya pili na ya tatu ndiyo siri yote. Pumzi inaanza kwanza na inamaliza mwisho. Tendo linaishi ndani yake. Ukiona mikono imefika juu na bado unavuta sana, umeikimbiza mikono: ipunguze mwendo. Ukiona hewa imejaa na mikono iko mabegani, usiishikilie pumzi ukiisubiri mikono. Geuza, shusha kutoka hapo hapo. Mara ijayo mikono itakuwa imejifunza.

Wiki ya pili: ile tisa

Sasa ingiza mwili mzima. Namba ni za Jois, ila nimeweka njia nyepesi kwa anayeanza.

1. Vuta: mikono juu.
2. Toa: inama mbele, magoti yakunje kidogo.
3. Vuta: inua kifua nusu, mgongo mrefu, viganja kwenye miundi.
4. Toa: peleka miguu nyuma, weka magoti chini, shuka taratibu mpaka kifua kiguse mkeka.
5. Vuta: inua kifua, mabega mbali na masikio, kitovu kikibaki karibu na chini.
6. Toa: inua nyonga juu, mikono na miguu chini, umbo la pembe. Kaa hapa pumzi tano kamili.
7. Vuta: leta miguu mbele, kifua nusu juu.
8. Toa: inama.
9. Vuta: simama, mikono juu. Kisha toa, mikono ubavuni.

Kwa pumzi ya sekunde nne, mzunguko mmoja unachukua kama dakika moja na sekunde ishirini. Ukiumaliza kwa sekunde thelathini, kuna pumzi ulizoruka.

Namba nne na namba saba ndizo zinazovunja watu. Katika video mwalimu huruka nyuma na kutua mara moja, na tendo hilo linatosha katika utoaji mmoja. Wewe unapeleka mguu mmoja, kisha mwingine, kisha magoti, kisha kifua: matendo manne kwa pumzi moja. Hayawezekani bila kukimbia. Ongeza pumzi. Toa, peleka mguu wa kulia, vuta ukiwa hapo, toa, peleka wa kushoto, vuta, toa, shuka. Hesabu ya tisa itaharibika na hakuna atakayekudai. Fanya vivyo hivyo kwenye saba: tembeza miguu kwa pumzi mbili au tatu. Kanuni ya kwamba kila tendo lina pumzi moja ni ya mwenye uwezo wa kuruka. Kanuni ya kwamba hakuna tendo lisilo na pumzi ni ya kila mtu.

Makosa yanayorudi

La kwanza ni kubana pumzi panapokuwa pagumu, hasa kwenye kushuka. Kukaza misuli huku koo limefungwa hupandisha shinikizo la damu ghafla. Dawa si kukumbuka kwa bidii zaidi, maana mtu anayetetemeka hakumbuki kitu. Punguza uzito: magoti chini, au fanya namba nne ukiwa umeegemea ukuta kwa viganja mpaka mikono ipate nguvu.

La pili ni sauti. Wamesikia kwamba pumzi ya yoga ina mlio kooni, basi wanakoroma mpaka jirani anachungulia. Mlio huo una kazi, kwa sababu sikio linakuwa mlinzi: ukikatika, unajua. Lakini uwe wa kusikika na wewe tu. Toa hewa mdomo wazi kwa “haa” ya chinichini, kisha funga mdomo uendelee vilevile puani. Koo likikwaruza, umezidisha.

Mengine nitayataja kwa haraka:

- Kusukuma tumbo nje kwa makusudi ili kupumua “kwa tumbo”. Liache litanuke lenyewe, na mbavu za pembeni zitanuke nalo.
- Kupumua mdomoni kwa sababu umechoka. Pua huchuja vumbi na kuilainisha hewa. Ikishindwa kutosha, ni ishara ya kupunguza mwendo.
- Kuona aibu ya kusimama. Ukipoteza mfuatano, simama wima, vuta na utoe mara tatu, anza upya kwenye namba moja.

Joto, moshi na sakafu

Mazingira ya huku yana amri yake. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevu wa Pwani huifanya pumzi iwe fupi hata kwa aliyekaa. Fanya kabla jua halijapanda, saa kumi na mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, na mizunguko iwe michache. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, unaweza kuongeza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni moshi. Wengi wa Kibaha na Kisarawe wanapikia kuni na mkaa, na saa ya asubuhi inayofaa kwa mazoezi ndiyo saa ya kuwasha jiko na kuchoma majani yaliyofagiwa. Kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi ndani ya moshi ni kujidhuru kwa utaratibu. Hamia upande unakotoka upepo, au subiri moshi uishe, au fanya jioni. Pasipo na namna, siku hiyo acha.

Mkeka wa ukindu huteleza juu ya sakafu ya saruji, na mkono ukiteleza pumzi hukatika kwa woga. Sakafu tupu iliyofagiwa ni salama zaidi, na ua wa mchanga ulioshindiliwa unafaa pia. Usifanye ukiwa umeshiba: baada ya mlo mzito wa ugali ngoja saa mbili au tatu, kwa kuwa kiwambo hakiwezi kushuka vizuri juu ya tumbo lililojaa. Mwezi wa Ramadhani, dakika chache za mikono tu kabla ya magharibi zinatosha.

“Nalima kutwa, mazoezi ya nini?”

Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake si kwamba jembe halitoshi. Wanaotwanga kwa kupokezana kwenye kinu kimoja wanajua mambo haya kuliko walimu wa mjini: mchi unapanda na pumzi, unashuka na mguno, na atakayebana pumzi atachoka kabla ya mwenzake. Anayelima anaweza kuitumia kanuni hii shambani, avute jembe likipanda na atoe likishuka, na asipouona mkeka maisha yake yote hajapungukiwa. Yoga inamfaa zaidi anayekaa: dereva wa bodaboda, fundi cherehani, mwanafunzi, mfanyakazi anayekwenda Dar na kurudi. Hawa migongo imepinda na vifua vimefungwa, na namba moja, tatu na tano ni dawa yao.

Je, ni ibada?

Wapo wanaoacha kwa sababu hii, na wasidharauliwe. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga inayochanganya mazoezi, ibada na mantra. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa mchezo. Tofauti iko kwenye kinachochanganywa. Katika hatua zilizoandikwa hapa hakuna mantra, hakuna sanamu, hakuna anayesujudiwa. Jina la “salamu ya jua” likikukera, iite tisa. Bado ukiwa na shaka, muulize sheikh au mchungaji wako, na umwonyeshe hatua zenyewe, usimpe jina tu.

Wa kumwona daktari kwanza

Nenda zahanati, au Hospitali ya Tumbi, Kibaha, kama unafuatiliwa huko, kabla ya kuanza ikiwa una:

- presha ya kupanda isiyodhibitiwa, au ugonjwa wa moyo;
- presha ya macho, kwa kuwa kichwa hukaa chini kwenye namba mbili, sita na nane;
- ngiri, au umefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni;
- mimba. Kulala kifudifudi kwenye namba nne na tano hakukufai, na pumzi isibanwe kamwe;
- pumu. Dawa yako ya kuvuta iwe karibu na mkono, na ukisikia mluzi kifuani acha papo hapo.

Maumivu ya kifua, giza machoni au kukosa pumzi kusikoisha baada ya kukaa chini si mambo ya kuvumilia. Ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine wote, kesho asubuhi anza na mikono peke yake. Usiiguse ile tisa mpaka mikono ipande na kushuka mara kumi mfululizo bila pumzi kukatika, hata kama itachukua zaidi ya wiki.